Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Deni na Makanisa katika Nchi ya Rungwe

Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii ya pwani inaifaa nchi ya Rungwe kana kwamba ilitungwa huko. Katika vilima vinavyouzunguka mji wa Tukuyu, chini ya mlima Rungwe ambao kimo chake kinakaribia mita 3,000, harusi na matanga ni miongoni mwa mambo yanayomtoa mtu nyumbani mbio kwenda kutafuta fedha asizokuwa nazo. Fauka ya hayo kuna ada ya shule, mbolea na dawa ya mgonjwa. Anayezitafuta fedha hizo kwa haraka hukutana na mkopo ambao Watanzania wameupa jina la kausha damu. Jina hilo ni la juzi, lakini jambo lenyewe lina umri mrefu, na makanisa yamo ndani ya historia yake tangu mwanzo.

Rungwe haijulikani kwa njaa. Mvua yake ni nyingi mno na udongo wake wa volkano hauchoki upesi. Migomba imezizunguka nyumba, chai imevaa miteremko, na kuna kahawa, viazi, maharage na maziwa. Taabu ya mkulima wa huko aghalabu haitokani na kukosa mali. Inatokana na wakati. Kahawa humpa fedha mara moja kwa mwaka; majani ya chai hulipwa kwa mwezi, na pengine malipo huchelewa; ndizi huleta vijisenti vya wiki. Ilhali shule hufunguliwa Januari, na mauti hayana msimu. Kati ya siku ya haja na siku ya malipo pana pengo, na katika pengo hilo ndimo anamokaa mkopeshaji. Bidhaa anayoiuza ni muda.

Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na namna yao ya kuliziba pengo hilo. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza jinsi watu walivyokaa katika vijiji vya marika: vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakazeeka pamoja. Fadhila iliyosifiwa kuliko zote katika vijiji hivyo iliitwa ukwangala, yaani kukaa na wenzio kwa wema, kula nao, kunywa nao na kusaidiana nao. Monica Wilson alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 kwa maana ya neno hilo. Hazina ya nchi ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe aliingia kwa mahari ya binti, akatoka kwa mahari ya kaka yake, akachinjwa msibani. Na madai ya ng'ombe yaliweza kuvuka kizazi.

Si haki kuupamba utaratibu huo kupita kiasi. Jirani mchoyo alihofiwa kuwa mchawi, na aliyevunja desturi za ujirani aliogopa kupatwa na maradhi kwa nguvu ya watu wa kijiji, nguvu iliyoitwa pumzi ya watu. Wema ulikuwa na hofu nyuma yake. Hata hivyo jambo moja lilikuwa dhahiri: mdai na mdaiwa walijuana. Waliketi chungu kimoja, na anayedai aliuona kwa macho yake mwaka mbaya wa mwenziwe.

Mwaka 1891 walifika wamisionari wa Kijerumani wa makundi mawili. Wamoraviani walijenga Rungwe, na wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaanza kazi yao upande wa kusini, kuelekea ziwa Nyasa. Dola ya Kijerumani ilifuata, na boma lake likaja kujengwa mahali palipoitwa Neu Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika koloni. Taathira ya kodi hiyo katika maisha ya watu haikuwa ya fedha tu. Hilo lilikuwa deni la kwanza lenye tarehe, ambalo mdai wake hakuulizia mvua wala msiba. Aliyekosa rupia aliuza alichokuwa nacho au alikwenda kufanya kazi ya mshahara, na vituo vya misheni vilivyohitaji wajenzi, maseremala na wapagazi vilikuwa miongoni mwa mahali pa kuzipata rupia hizo. Kanisa na fedha viliingia Rungwe katika kizazi kimoja.

Chini ya Waingereza rupia iliondoka ikaja shilingi, na safari za kuitafuta zikarefuka. Vijana walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, kisha kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na hata Afrika Kusini. P. H. Gulliver, aliyeandika juu ya uhamaji huo katika miaka ya 1950, aliwakuta Wanyakyusa wakiwa wamekwisha kuufanya kuwa sehemu ya maisha ya kawaida. Waliobaki nyumbani walipanda kahawa, zao ambalo misheni zilikuwa na mkono katika kulieneza, na fedha ya zao hilo nayo ilikuja mara moja kwa mwaka.

Serikali ya kikoloni ililiona tatizo la deni, ikalitibu kwa kufunga mlango. Sheria ya mwaka 1923 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilimnyima mfanyabiashara asiye Mwafrika haki ya kumdai Mwafrika mahakamani isipokuwa deni liwe limeidhinishwa na ofisa wa serikali. Makusudio yaliyotajwa yalikuwa kumkinga mwenyeji. Matokeo yake ni kwamba benki na maduka hayakuwa na sababu ya kumkopesha kwa njia ya wazi, na kukopa kukabaki jambo la pembeni, lisilo na karatasi wala shahidi.

Visiwani jambo hilohilo lilijaribiwa kwa namna nyingine. Wenye mikarafuu wa Unguja na Pemba walihitaji fedha za kupalilia na za kuwalipa wachumaji kabla karafuu haijauzwa. Kwa kuwa riba ni haramu kwa Waislamu, mikopo mingi ilipitia bei ya khiyari: mwenye shamba aliliuza kwa sharti la kulikomboa, akaendelea kukaa humo kwa kodi, na kodi hiyo ikawa riba iliyovaa kanzu. Madeni yalipokithiri wakati wa mdororo wa bei, serikali mwaka 1934 iliweka sheria ya kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wakopeshaji, na ikasimamisha kwa muda udai wa madeni. Mgogoro ulioendelea baadaye ulifika hadi mgomo wa wafanyabiashara wa karafuu wa mwaka 1937 na 1938. Funzo la Zanzibar linaihusu Rungwe moja kwa moja. Sheria inaweza kumzuia mkopeshaji asichukue shamba, lakini haimletei mkulima fedha ya kupalilia. Pengo likiachwa wazi, mkopeshaji hurudi na jina jipya.

Makanisa yenyewe yalikuwa na urithi wa kulijibu suala hili, ingawa urithi huo ulikuja Afrika ya Mashariki kwa kuchelewa. Mwaka 1462, mjini Perugia, watawa wa Mtakatifu Fransisko walisaidia kuanzisha mfuko uliowakopesha maskini kwa kuweka rehani vitu vyao vidogo. Mifuko hiyo ilienea Italia, na ugomvi mkubwa ukazuka: je, kutoza ada ndogo ya kuwalipa makarani ni riba? Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1515 ulijibu kwamba ada ya kulipia gharama inaruhusiwa. Ugomvi huo una maana kwa sababu ulilazimisha kanisa lishuke kutoka kwenye hukumu ya jumla hadi kwenye hesabu.

Miaka mia tatu na zaidi baadaye, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mprotestanti aliyekuwa meya katika vijiji vya Ujerumani magharibi, alikabili jambo ambalo Mnyakyusa yeyote angelielewa. Wakulima maskini wa huko walinunua ng'ombe kwa mkopo, na riba ikamla ng'ombe kabla ya maziwa kumlipa. Mwaka 1849, Flammersfeld, alikusanya wenye uwezo ili wawasaidie wasio nacho kununua mifugo. Msaada huo uliwategemea matajiri, na ari yao ilipopoa kazi nayo ililegea. Mwaka 1864, Heddesdorf, aliugeuza msingi: wakopaji wenyewe wawe wanachama na wadhamini wa wenzao. Vyama vya namna hiyo vilikuwa vimekwisha kuenea Ujerumani wakati wamisionari walipopanda meli kuja Nyasa. Hata hivyo Rungwe inawakumbuka kwa shule, hospitali, ufundi na miche ya kahawa.

Ushirika uliofika kwanza Tanganyika ulipitia mlango wa mazao. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, wakulima wa Kilimanjaro wakaunda chama chao kikuu mwaka 1933, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wakulima wa kahawa wa Rungwe nao wakawa na chama chao. Ushirika wa akiba na mikopo ulikuja baadaye, na kanisa lilikuwa na mkono ndani yake. Mapadre wa Antigonish, Kanada, akiwamo Moses Coady, walikuwa wamewafundisha wavuvi na wachimba migodi kuweka akiba pamoja na kukopeshana. Fikra hizo zilichukuliwa na Wakatoliki wa kanda ya Ziwa, na chuo cha Nyegezi, kilichoanzishwa karibu na Mwanza mwaka 1960, kikawa miongoni mwa mahali zilipofundishwa.

Kisha likaja pigo la mwaka 1976. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, na kazi zao wakapewa vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini mali iliyotawanyika na imani iliyovunjika havirudi kwa tangazo la gazeti. Katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia katika kahawa, na Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997. Mkulima akajikuta na wanunuzi wengi na wadhamini wachache. Mahali pengine nchini pengo hilo lilipata majina ya kienyeji: Kagera huita butura biashara ya kununua kahawa ingali maua mtini, na Mbinga huita magoma mikopo inayolipwa kwa kahawa. Rungwe yenyewe ilipata nafuu upande wa chai. Wakulima wadogo walijiunga katika chama chao, na chama hicho kikawa mwenye hisa katika kampuni ya Wakulima iliyovichukua viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Lakini mwenye shamba la chai ana mzani unaomjua. Mwenye genge la ndizi hana.

Kausha damu ilimea katika udongo huo. Namna zake ni nyingi. Mwalimu huiacha kadi yake ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, na mshahara ukiingia mkopeshaji ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine. Wanawake wafanyabiashara hukopeshwa kwa kikundi, na siku ya rejesho asiyekuwa na fedha hubebewa vyombo vya ndani. Katika simu mkopo hutoka kwa dakika chache, na mdaiwa akichelewa, ndugu na jamaa walio katika orodha ya simu yake hupigiwa na kuambiwa habari zake. Hesabu moja inatosha kuonesha uzito wa jambo. Aliyekopa shilingi 100,000 kwa asilimia 30 kwa mwezi, akashindwa kulipa mtaji akawa analipa riba tu, baada ya miezi 10 atakuwa ametoa shilingi 300,000, na deni la shilingi 100,000 lingali palepale.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga wakopeshaji katika madaraja manne na kuwataka wawe na leseni au usajili, na kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana. Kwa kikomo hicho, mkopaji wa mfano ule angedaiwa riba ya shilingi 3,500 kwa mwezi mahali pa 30,000. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Sheria, basi, ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mkopaji wa Kiwira au Mbambo kwamba ipo, kabla hajatia sahihi.

Makanisa ya kwingine yamekwisha kujaribu kupambana, na majaribio yao yanafundisha. Mwaka 2013 Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliiambia kampuni ya mikopo ya haraka ya Wonga kwamba kanisa litaiondoa sokoni kwa kushindana nayo, kwa kuvipa nguvu vyama vya akiba na mikopo. Siku ile habari ilipoenea, ikafichuka kuwa fedha za Kanisa la Uingereza lenyewe, kupitia mfuko wa uwekezaji, zilikuwa zimefika Wonga. Welby alikiri kuwa ni aibu. Kikomo cha gharama za mikopo hiyo kilichowekwa na serikali Januari 2015, pamoja na madai ya wateja, ndivyo vilivyoiporomosha kampuni hiyo mwaka 2018. Sauti ya askofu ilisaidia kuamsha watu, lakini kwanza ilimlazimu aangalie mfuko wa nyumba yake.

Tanzania nayo ina kisa chake. Kati ya mwaka 2007 na 2009 mpango ulioitwa DECI ulienea mikoani ukitumia lugha ya madhabahuni: mtu alipanda mbegu ya fedha, kisha akaahidiwa mavuno. Miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji. Waliovuna walivuna kutoka kwa waliopanda nyuma yao, mpaka serikali ilipousimamisha, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya wakurugenzi wake. DECI haikuwa mkopo, lakini ilikula katika shimo lilelile la watu wasio na subira ya kungoja kwa kuwa hawana uwezo wa kungoja. Imani ya muumini kwa mchungaji wake ni rasilimali kubwa, na anayejua kuitumia vibaya huipata bure.

Njia nyingine ni ya benki. Uchumi, iliyoanzishwa Moshi mwaka 2005 na Walutheri, Mkombozi ya Wakatoliki ya mwaka 2009 na Maendeleo ya Walutheri ya mwaka 2013 zimeonesha kuwa makanisa ya nchi hii yanaweza kusimamisha taasisi za fedha. Lakini benki ni benki. Nayo hudai dhamana, na mama wa magimbi hana hati ya nyumba. Kilicho karibu naye zaidi ni sanduku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la CARE lilileta katika vijiji vya Jozani, Unguja, utaratibu uliokuwa umeanzia Niger mwaka 1991: kikundi kidogo, hisa za kila wiki, sanduku lenye kufuli tatu ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu, na mwisho wa mzunguko akiba pamoja na ziada hugawanywa kwa wanachama. Vikundi vya jinsi hiyo, maarufu kwa jina la VICOBA, vimeenea nchi nzima. Riba yake, ikiwapo, hurudi kwa walioilipa. Utaratibu huo uliotoka kisiwani unafanana na ukwangala kuliko benki yoyote: mdai na mdaiwa wameketi mkeka mmoja.

Hapo ndipo makanisa ya Rungwe yana nguvu asiyokuwa nayo mkopeshaji. Jimbo la Kusini la Wamoraviani, Walutheri wa Konde, Wakatoliki na makanisa ya Kipentekoste yana watu wao karibu kila kijiji. Mzee wa kanisa anamjua mlipaji na asiyelipa, anajua nani amefiwa na nani ameugua. Kanisa lina chumba cha kukutania, lina waumini waliosoma hesabu, na lina sadaka ya mavuno inayojaza ua kwa ndizi na viazi. Laweza kulea vikundi vya sanduku bila kuvimiliki, kuwa shahidi wa mikataba na kuisoma kwa sauti mbele ya anayekopa. Laweza pia kutenga sehemu ya sadaka ya mavuno iwe mfuko wa Januari kwa ada za shule, unaorejeshwa kahawa ikiuzwa, bila riba au kwa gharama ya karatasi tu, kama walivyoamua wale wa Laterano.

Lakini kuna neno zito la kutangulia yote hayo. Mchango wa ujenzi, ahadi ya harambee inayosomwa mbele ya watu, sare ya kwaya, zawadi ya harusi na sufuria za msiba ni miongoni mwa mambo yanayomfanya muumini akakope Jumamosi ili asiaibike Jumapili. Kanisa linalokemea kausha damu kutoka mimbarani, kisha likasoma majina ya wasiotimiza ahadi, linamsukuma mtu kwa mkono mmoja kule linakomkataza kwa mkono mwingine. Kupunguza michango, kuficha majina, kuruhusu ahadi ilipwe baada ya mavuno na kukubaliana kijijini kwamba msiba hautapita kipimo fulani ni mambo yasiyohitaji mtaji wala leseni. Yanahitaji baraza la wazee likae lifanye uamuzi.

Kwenye barabara inayoshuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela kuna mahali paitwapo Ushirika, na watu hupataja kila siku wakishuka kwenye magari na mizigo yao. Vyama viliundwa, vikavunjwa, vikarudishwa, na jina likabaki barabarani. Malipo ya kahawa bado yako mbali, na Januari inakaribia. Atakayekuwa wa kwanza kubisha hodi mlangoni kwa mwenye haja ndiye atakayeandika sura inayofuata ya historia hii.